Uzi: Mlango mpya wa mbao unaoelekea nje, namna ya kuupaka na kuuziba ili mvua, jua na chumvi ya bahari visiuharibu

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Swali la milango ya nje huulizwa sana na watu wanaomalizia nyumba, hasa masika yanapokaribia, nami nimeona ni vyema liwe na uzi wake badala ya kujibiwa vipande vipande. Nitazungumzia mlango mpya wa mbao ambao haujapakwa kitu chochote, katika ukanda wa pwani ambako upepo wa kusi huisukuma mvua hadi ndani ya kibaraza, jua huwaka mwaka mzima, na chumvi ya baharini hutua juu ya kila kitu.

Mwenye nyumba akiona mlango umevimba, umepinda au umebambuka, hulaumu rangi na kwenda dukani kutafuta nyingine ya bei kubwa zaidi. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi rangi haina kosa. Mlango huharibikia mahali ambapo brashi haikufika, yaani ukingo wa chini, ukingo wa juu, tundu la kitasa, sehemu zilizochimbwa kwa ajili ya bawaba, na mgongo wa fremu uliokumbatiana na saruji.

Sababu yake ni umbile la mbao yenyewe. Mti hupandisha maji kupitia mirija midogo iliyolala kufuata urefu wa shina, na mirija hiyo hubaki ndani ya mbao hata baada ya kupasuliwa. Usoni mwa mbao maji huingia polepole, lakini pale msumeno ulipokata nyuzi kwa kukingama, mirija imeachwa wazi na maji hunyonywa kwa kasi kubwa mara nyingi zaidi. Sasa utazame mlango wa paneli: mbao mbili ndefu za pembeni zimesimama wima, kwa hiyo vichwa vyake viko juu kabisa na chini kabisa, kwenye kingo zile zile ambazo fundi huziacha kwa kuwa hakuna atakayeziona. Maji yanayoruka kutoka sakafu ya kibaraza huingia kupitia chini, mbao huvimba kwa upana wake, na unyevu unapotafuta njia ya kutoka huisukuma rangi kwa nyuma. Ndiyo maana malengelenge huanza kiasi cha shubiri moja kutoka chini, ilhali katikati ya mlango rangi bado inang'aa.

Kuhusu aina ya mbao sitasema mengi, kwa sababu wengi wenu mmeshanunua. Mninga na mkongo hutulia vizuri zaidi kuliko mbao nyingi tulizonazo, kwa maana kwamba havicheziwi sana na mabadiliko ya unyevu. Mvule na msaji, ambao wengine huuita mtiki, huvumilia mvua na wadudu. Paini ya Sao Hill ni nyepesi na rahisi kurandwa, ila hunyonya maji haraka na bila dawa huoza mapema, hivyo nisingeiweka mahali panapopigwa na mvua moja kwa moja.

Jambo la maana zaidi kuliko aina ni ukavu. Mbao inayopakwa rangi haifai kuwa na unyevu unaozidi asilimia 18, na kwa pwani yetu mbao iliyokauka vyema hutulia karibu na asilimia 12 hadi 15. Kipima unyevu cha kuchomeka sindano mbili kinapatikana madukani, na fundi anayeishi kwa milango hana sababu ya kukosa kimoja. Mlango uliotengenezwa kwa mbao iliyopasuliwa karibuni ukipakwa rangi pande zote, maji hufungiwa ndani, na baadaye utajipinda mbele ya macho yako hata kama umetumia rangi ya meli.

Kabla ya kupaka, mlango upigwe msasa kwa kufuata nyuzi, ukianza na namba 80 au 100 pale penye alama za randa, kisha 120, na kumalizia na 180. Kusugua kwa msasa laini zaidi ya hapo ni kazi ya fanicha za sebuleni. Rangi ya nje inahitaji mahali pa kushika. Makali ya pembe yavunjwe kidogo ili yawe mviringo, kwa sababu rangi hukimbia pembe kali na kuacha ngozi nyembamba, na hapo ndipo ufa wa kwanza hutokea. Mkikaa karibu na bahari, mlango ufutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuachwa ukauke, kwa kuwa chumvi iliyobaki chini ya rangi huendelea kuvuta unyevu. Msaji una mafuta ya asili, kwa hiyo ufutwe kwa thina muda mfupi kabla ya mkono wa kwanza wa rangi.

Kisha ije praima ya mbao ya mafuta, yaani rangi ya kutangulizia, na huo mkono wa kwanza ulainishwe kidogo kwa tapentaini ili uzame. Hapa ndipo ninapowasihi mwe wasumbufu kwa mafundi wenu. Mlango ulazwe juu ya vibao viwili, na kingo zianze kabla ya uso. Vichwa vya mbao vipakwe, viachwe vinywe, vipakwe tena vikiwa bado vibichi, na vikishakauka vipakwe mara nyingine. Ndani ya tundu la kitasa brashi ndogo ipite kote. Mashimo ya skrubu nayo yadondoshewe praima. Puti hufuata baada ya praima, kamwe si kabla yake, kwa kuwa mbao kavu hunyonya mafuta ya puti na kuiacha ikiwa unga unaodondoka.

Baada ya hapo ni andakoti, yaani rangi ya kati, mkono mmoja, na glosi ya nje, ile rangi ya kung'aa, mikono miwili iliyo myembamba. Mlango wa meta 2.1 kwa 0.9, ukihesabu pande zote mbili na kingo, una takribani meta 4 za mraba, na kwa kuwa lita moja ya glosi kwa kawaida hufunika kati ya meta 10 na 12 za mraba, lita moja hutosha mikono miwili na kubaki. Hakuna haja ya kununuliwa galoni nzima kwa mlango mmoja, na anayekwambia ipo ana ukuta wake mahali fulani.

Upande wa ndani upate idadi ile ile ya mikono kama wa nje. Upande mmoja ukifungwa vizuri na mwingine ukaachwa na mkono mmoja wa kuficha aibu, unyevu utaingia na kutoka upande mmoja tu, na mlango utabinuka.

Kazi ianze umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi, ifanyike kivulini, na isimame mapema alasiri ili rangi ipate ngozi kabla ya unyevu wa jioni kushuka. Rangi iliyopakwa kwenye jua kali hufunga juu huku chini ikiwa bado bichi, kisha hutoa mapovu.

Maswali na upinzani vinakaribishwa.

MCHANGIAJI, TANGA

Shukrani mkuu kwa mada iliyoshiba. Naomba ufafanuzi kuhusu fremu. Kwetu fundi hupaka mgongo wa fremu oili chafu ya gari kabla ya kuijengea ukutani, akisema inazuia mchwa na maji. Fremu zangu mbili zimeshapakwa hivyo na bado hazijawekwa. Je, nimeharibu, au ndiyo kinga yenyewe?

MLETA MADA

Ndugu wa Tanga, oili chafu hufukuza maji kwa muda, hilo siwezi kulikana, na wazee wameitumia kwenye nguzo za uzio kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba haikauki. Hutambaa ndani ya mbao na kutokea upande wa mbele, na popote ilipofika rangi ya mafuta haitashika vizuri, bali itabaki ikinata au kubanduka kama ngozi. Isitoshe, oili iliyotumika hubeba mabaki ya metali na masizi ambayo si vizuri kuyaweka mahali watoto watakapopitisha mikono kila siku.

Kwa fremu ambazo hazijapakwa, mgongo upate dawa ya mchwa iliyokusudiwa kwa mbao, ikauke, kisha praima mikono miwili, na miguu ya fremu inayosimama sakafuni ipewe lami nyembamba ya kuzuia unyevu hadi kimo cha sakafu iliyokamilika, isizidi hapo. Kwa hizo mbili zako, kama oili ipo mgongoni tu, zifute kwa matambara makavu, uziache zisimame kivulini kwa majuma kadhaa, kisha ukwangue na ufute kwa thina uso wa mbele na mbavu za ndani kabla ya praima. Ukiona doa jeusi linarudi baada ya praima, sehemu hiyo ipate praima maalumu ya kufungia madoa.

Kitu kingine: acheni nafasi ya milimita chache kati ya fremu na lipu, ijazwe kwa zibo la akriliki linalokubali rangi. Silikoni ya kawaida ni nzuri bafuni, lakini rangi haishiki juu yake, na mstari wake utabaki ukionekana daima.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Hujambo ndugu. Mimi nimetoa pesa nyingi kwa mlango wa mvule na sitaki kuuficha chini ya glosi. Unaelekea magharibi na hauna paa la kibaraza. Fundi ameshauri sandingi sila ya kuziba vinyweleo vya mbao na klia, yaani vanishi angavu, ya kupuliza, na sampuli aliyonionyesha inapendeza mno. Wewe wasemaje?

MLETA MADA

Sampuli hiyo itapendeza hadi mvua za kwanza. Sandingi sila na klia ya kupuliza ni vitu vya kabati na meza za ndani. Vikikauka huwa vigumu na vyembamba, mbao ikivimba havinyumbuki nayo, na unyevu ukiingia chini yake huacha weupe kama ukungu. Usikubali viwekwe kwenye mlango wa nje, hata kama fundi ni ndugu yako.

Ukitaka nyuzi zionekane, tafuta vanishi ya boti au nyingine iliyoandikwa wazi kwamba ni ya nje na ina kinga ya miale ya jua. Mvule una kemikali asilia zinazochelewesha vanishi ya mafuta kukauka, kwa hiyo mkono wa kwanza uwe mwembamba sana, uliochanganywa tapentaini, na usishangae ukichukua siku ya ziada. Mikono isipungue minne, na kati ya mmoja na mwingine upite msasa namba 240 kwa wepesi na kufuta vumbi.

Hata hivyo ni lazima niseme ukweli kuhusu jua. Vanishi isiyo na rangi hupitisha mwanga, na miale hiyo huvunja gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za juu za mbao. Vanishi yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, lakini kile ilichokishika kimeoza, hivyo inabanduka vipande vipande. Vanishi yenye rangi kidogo, ya kahawia au nyekundu ya mninga, hudumu kuliko ile angavu, kwa kuwa chembe za rangi hukinga mwanga. Kwa mlango unaoelekea magharibi bila paa, tegemea kuongeza mkono mmoja kila mwaka. Kama huna subira hiyo, jenga kwanza kipaa cha kutokeza meta moja juu ya mlango; fedha hiyo itakulinda kuliko kopo lolote.

FUNDI SEREMALA, MOROGORO

Mkuu, mengi umesema sawa, lakini umeuandika mlango kana kwamba unatoka mbinguni ukiwa umeshatoshea kwenye fremu. Sisi tukipewa mlango uliokwisha pakwa, tunapofika kwa mteja tunakuta fremu imejengwa kwa kuinama, basi inabidi turande pembeni na chini. Hiyo praima yote ya kingo inabaki sakafuni kama maranda. Kisha mwenye nyumba anampigia simu seremala wakati mlango umevimba. Hata hiyo sandingi sila hatuiweki kwa kutojua. Bei anayoitoa mteja haifikii vanishi ya boti.

MLETA MADA

Fundi, hoja yako ya kwanza ni nzito na ninaikubali iingie kwenye utaratibu. Mlango uwekwe kwanza ukiwa mtupu, urandwe, uchimbiwe bawaba, utobolewe kitasa, ujaribiwe kufunga na kufungua, kisha ushushwe na vyuma vyote vitolewe ndipo upakwe ukiwa umelala. Nafasi ya milimita 3 kila upande iachwe, kwa sababu mikono yote ya rangi nayo ina unene wake. Mwenye nyumba ajue kwamba huku ni kuja mara mbili na alipie mara mbili. Akitaka kuokoa nauli ya fundi, basi asilalamike kuhusu kingo.

Kuhusu bei, sina ugomvi nawe. Ila mteja aambiwe kabla, kwa maneno, kwamba alichonunua ni cha ndani.

Na kwa kuwa umefika, naomba uwakumbushe wenzako habari ya skrubu. Skrubu za chuma cha kawaida ndani ya mbao zenye tanini, dutu ya asili ya mbao, hufanya doa jeusi la wino kuzunguka bawaba, na kwa hewa ya pwani hula kutu hadi kichwa kikatike. Za shaba au za chuma kisichoshika kutu zinagharimu zaidi kidogo, na kwa mlango mzima ni chache.

MCHANGIAJI, DODOMA

Nimefuatilia kwa makini. Mlango wangu ulitengenezwa Dar es Salaam na kupakwa huko kila kitu, kingo zikiwemo. Ulipofika hapa, baada ya miezi michache ya kiangazi ulionekana mstari mweupe wa mbao tupu kuzunguka kila paneli. Rangi haijabambuka popote. Kosa liko wapi?

MLETA MADA

Hapo hakuna uharibifu mkubwa, ila kuna jambo la kujifunza. Paneli hukaa ndani ya mfereji bila gundi ili ipate kupanuka na kusinyaa kwa uhuru. Mbao iliyozoea unyevu wa Dar es Salaam ilipofika kwenye ukavu wa Dodoma ilisinyaa kwa upana, ikajivuta kutoka ndani ya mfereji, na kuonyesha sehemu ambayo haikuwahi kupakwa. Paneli zilipaswa kupata praima na mkono mmoja wa rangi kabla ya kuunganishwa na mlango. Kwa sasa paka mistari hiyo kwa brashi nyembamba wakati huu huu wa ukavu, paneli zikiwa zimesinyaa kabisa. Usijaze mfereji kwa puti wala gundi. Paneli iliyozuiwa kusinyaa hupasuka katikati, na ufa huo hauna dawa. Na anayetengenezewa mlango pwani kwa ajili ya bara, mbao zake zikae kwanza bara.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Assalaam aleikum. Naongeza kidogo. Milango ya Mji Mkongwe ambayo watu huja kuipiga picha imesimama vizazi na vizazi bila glosi. Tazameni umbo lake: mbao nene, fremu pana, na ule mfaa wa katikati uliopigiliwa kwenye bawa moja ukiufunika upenyo kati ya mabawa mawili, hata mvua ya kusi haioni pa kupita. Wazee wetu waliipaka mafuta. Kuna mtu kanishauri nipake sifa, kama mashua. Je, inafaa?

MLETA MADA

Waaleikum salaam, sheikh. Umegusa jambo ambalo mimi nilipaswa kulianza nalo, kwamba umbo hutangulia rangi. Mlango wa leo wenye mabawa mawili na bila mfaa, au bila kibao cha kumwagia maji kilichofungwa chini kwa nje na kuchimbwa mfereji mdogo tumboni mwake ili tone lidondoke kabla ya kurudi ndani, utavuja hata ukipakwa dhahabu.

Sifa ni mafuta ya samaki, na mashua huyavumilia kwa sababu hupakwa tena na tena na hakuna anayeijali harufu. Kwenye mlango wa nyumba utapata uso unaonata vumbi, na siku ukitaka kubadili na kuweka vanishi, haitashika. Ukipenda njia ya mafuta, tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yaliyochanganywa na tapentaini kwa mkono wa kwanza, upake kidogo, ungoje kama robo saa, kisha ufute yote yasiyozama. Yarudiwe kila kabla ya masika. Tahadhari moja isiyo na mzaha: matambara yaliyoloa mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na yakirundikwa kwenye kona huweza kuwaka yenyewe. Yaanikwe yakiwa yametandazwa nje, au yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji.

MCHANGIAJI, BAGAMOYO

Samahani kwa kuchelewa, mkuu. Mlango wangu ulishawekwa tangu vuli, umepakwa usoni tu, na sasa katikati ya masika umevimba na unasugua fremu upande wa kitasa. Fundi anakuja kesho na randa. Nimruhusu?

MLETA MADA

Mzuie, ndugu yangu. Akiranda sasa atapunguza mbao iliyojaa maji, na ikifika kiangazi itasinyaa na kukuachia upenyo wa kupitisha kidole, pamoja na ukingo mwingine mtupu wa kunywa mvua inayofuata. Kama mlango haufungi kabisa na usalama unakulazimisha, apitishe randa mara moja tu pale panaposugua, na papakwe praima siku hiyo hiyo.

Vinginevyo vumilia hadi mvua zikatike. Mwezi wa saba au wa nane, hewa ikishakuwa kavu, ushushe, ukwangue rangi iliyolegea chini, upime unyevu, na uzipake kingo kama nilivyoeleza mwanzoni mwa uzi. Ukiurudisha, huenda ukakuta hauhitaji randa tena. Wakati huu wa kungoja, weka kigae au kipande cha bati kilichoinama mbele ya kizingiti ili maji yasiruke kwenye miguu ya mlango, na ukingo wa juu, ambao unaufikia kwa kupanda kiti bila kuushusha, ukauke siku ya jua na upate praima.